Mguu Wenye Joto Unaweza Kukudanganya: Historia ya Upasuaji wa Kukata Neva

Kama umewahi kuwa Tukuyu mwezi wa sita au wa saba, asubuhi na mapema, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai, mada ya leo tayari unaijua kwa miguu. Vua viatu, simama kwenye sakafu ya saruji dakika chache. Vidole vinapoa, kucha na nyayo zinapauka. Ingia jikoni, kaa karibu na moto, na baada ya muda rangi inarudi na vidole vinachangamka.

Sasa jiulize: nani ameifunga damu na nani ameifungua? Wewe hukutoa amri yoyote. Waliofanya kazi hiyo ni neva nyembamba zinazoshuka kutoka kwenye uti wa mgongo na kuzunguka mishipa ya damu. Baridi ikija, zinabana mishipa ya ngozi ili joto la mwili lisipotee. Moto ukija, zinalegeza.

Kutoka hapo swali moja lilijileta lenyewe, na madaktari wakalishika kwa miongo mingi: kama neva ndizo zinazobana mishipa, itakuwaje tukizikata? Mtu ambaye mguu wake unakufa kwa kukosa damu, je, hatapona? Historia ya swali hilo ina sungura, ina mwanajeshi mlemavu, ina mfalme. Na inamhusu sana mkulima wa leo pale Rungwe, kwa sababu kuna ugonjwa unaofanya upasuaji uleule bila kisu, na wengi hawajui kwamba umeshafanyika.

Sungura mwenye sikio moja la moto

Mwaka 1851 huko Paris, mwanafiziolojia Claude Bernard alikata neva moja shingoni mwa sungura, upande mmoja tu. Wakati huo wengi waliamini kwamba neva ndizo zinazosaidia kuzalisha joto la mwili, kwa hiyo ukikata neva, sehemu ile inapaswa kupoa. Kilichotokea kilikuwa kinyume. Sikio la upande uliokatwa lilipata joto, likajaa damu, mishipa yake ikaonekana wazi.

Mwaka uliofuata, mtu mwingine aligeuza jaribio. Huyu ni Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, yaani jirani yetu wa Bahari ya Hindi. Alichukua ile neva iliyokatwa akaipitishia umeme. Mishipa ikabana, sikio likapoa. Bernard naye alifikia jibu hilohilo. Ukiweka majaribio haya pamoja unapata picha kamili: neva hizi hazizalishi joto. Kazi yake ni kubana mishipa. Zikinyamaza, mishipa inalegea na damu inaingia kwa wingi.

Mfumo huu wa neva unaitwa simpathetiki. Ni minyororo miwili ya vifundo vidogo vya neva, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, kama shanga kwenye uzi. Vile vya kiunoni ndivyo vinavyosimamia mishipa ya miguu. Vinasimamia pia tezi za jasho. Hilo la jasho liweke akilini, tutalirudia.

Nadharia iliyokosea, matokeo yaliyobaki

Tuhamie Sydney, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Vita Kuu ya Kwanza imeacha wanajeshi wengi wenye miguu iliyokakamaa kwa sababu ya majeraha ya ubongo na uti wa mgongo. Daktari mpasuaji Norman Royle na mwanaanatomia kijana, John Hunter, walikuwa na nadharia: neva za simpathetiki ndizo zinazokaza misuli, kwa hiyo ukizikata misuli italegea na mtu atatembea vizuri. Walianza na mbuzi, kisha wakaenda kwa binadamu.

Nadharia haikusimama. Wengine walipojaribu, ukakamavu haukuondoka kama ilivyotarajiwa. Lakini kuna jambo moja halikuweza kupuuzwa: mguu uliofanyiwa upasuaji ulikuwa na joto. Ngozi yake ilijaa damu, ikawa kavu, bila jasho. Ni sikio la sungura wa Bernard, safari hii kwenye mguu wa mtu.

Oktoba 1924 Royle na Hunter walialikwa New York kueleza kazi yao mbele ya madaktari wapasuaji wa Marekani. Desemba mwaka huohuo Hunter alifariki London kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 26 tu. Hakuishi kuona wazo lao likihama kutoka kwenye misuli kwenda kwenye mishipa ya damu. Huko Buenos Aires, Julio Diez alianza kukata neva za kiunoni kwa wagonjwa ambao mishipa ya miguu ilikuwa inaziba. Huko Marekani, kwenye kliniki ya Mayo, Alfred Adson naye alianza mwaka 1925 kwa wagonjwa ambao vidole vyao vilikuwa vikibana kupita kiasi kila wanapoguswa na baridi. Upasuaji ukapata jina lake: simpathektomi. Wa miguu ukaitwa simpathektomi ya kiuno.

Kwa mgonjwa wa wakati ule, tumaini hili halikuwa dogo. Mtu mwenye mguu usiopata damu alikuwa na njia mbili: kuvumilia maumivu usiku kucha huku vidole vikigeuka vyeusi, au kukatwa mguu. Sasa kuna daktari anasema: nitakata kitu kidogo kiunoni kwako, na mguu utapata joto. Na kweli, mgonjwa aliamka akakuta mguu una joto. Ungekuwa wewe, usingeamini?

Mguu wa mfalme

Hebu turudi kwetu kidogo. Desemba hiyohiyo ya 1924 aliyofariki Hunter, meli iliwashusha Mombasa wageni wawili kutoka London: mtoto wa pili wa mfalme wa Uingereza na mkewe. Walikaa miezi kadhaa wakiwinda Kenya na Uganda, kisha wakarudi kupitia Sudan. Kijana huyo hakutarajiwa kutawala, lakini mwaka 1936 kaka yake alijiuzulu, naye akawa Mfalme George VI.

Wazee wa Rungwe waliomwona sura walimwona kwenye shilingi. Tanganyika ya wakati ule ilitawaliwa na Uingereza chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja, simba upande mwingine. Aliyeuza kahawa yake Tukuyu, akalipa kodi bomani, pale palipoitwa Neu-Langenburg enzi za Wajerumani, alikuwa ameshika sura ya mtu huyu mkononi.

Mtu huyo alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1948 miguu ilianza kumsumbua, maumivu na ganzi, hasa mguu wa kulia. Novemba mwaka huo madaktari walikuta mishipa ya miguu imeziba kiasi kwamba walihofia mguu ungeoza na kukatwa. Ziara ya Australia na New Zealand iliahirishwa. Tarehe 12 Machi 1949, ndani ya kasri la Buckingham, kwenye chumba kilichogeuzwa kuwa cha upasuaji, Profesa James Learmonth kutoka Edinburgh alimfanyia simpathektomi ya kiuno upande wa kulia. Learmonth hakuwa mgeni wa jambo hili: alipata kufanya kazi kule Mayo, mahali alipokuwa Adson.

Mguu ulibaki. Inasimuliwa kwamba siku daktari alipokwenda kumwangalia, mfalme alitoa upanga uliokuwa umefichwa, akamwambia kwa utani kuwa sasa ni zamu yake kutumia kisu, akampa heshima ya ushujaa palepale.

Hadithi ingeishia hapo, ungesema upasuaji umeshinda. Lakini haikuishia hapo. Septemba 1951 mfalme alitolewa pafu la kushoto kwa sababu ya saratani. Tarehe 6 Februari 1952 alifariki usingizini, na sababu iliyotolewa ilikuwa damu kuganda kwenye mshipa wa moyo. Binti yake Elizabeth alikuwa Kenya, maeneo ya Nyeri, na ndiko alikopata habari kwamba yeye sasa ni malkia.

Angalia kilichotokea. Kisu kilikata neva za mguu mmoja. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye mishipa ya mwili mzima, na sigara iliendelea kuulisha. Mguu ulikuwa umetoa taarifa ya mapema kuhusu moyo.

Bomba la mserereko

Kwa nini mguu upate joto na ugonjwa ubaki? Hapa watu wa Rungwe wana mfano mzuri kuliko vitabu, kwa sababu vijiji vingi vya milimani vinajua maji ya mserereko. Chanzo kipo juu mlimani, bomba kubwa linashuka, linagawanyika, na mwisho kuna vituo vya kuchotea maji.

Neva za simpathetiki zinashika koki za mwisho, yaani mishipa midogo sana ya ngozi. Ukizikata, koki zote zinafunguka. Kama tatizo lako lilikuwa koki zilizobana tu, umepona. Ndiyo maana upasuaji huu uliwasaidia zaidi wale ambao mishipa yao ilikuwa mizima ila inabana ovyo kwa baridi.

Lakini kama bomba kubwa limeziba huko juu, pajani au nyuma ya goti, kufungua koki kunasaidia nini? Kile kidogo kinachopita kitatoka kwa urahisi zaidi, lakini hakiwi kingi. Na fizikia ya mabomba haina huruma: kwa msukumo uleule, kipenyo kikipungua nusu, kinachopita hakibaki nusu, kinabaki sehemu 1 ya 16. Mshipa uliosinyaa namna hiyo hauwezi kuokolewa na koki.

Kuna mabaya zaidi ya hayo. Ukifungua koki za nyumba za juu, za bondeni zinaweza kukauka. Kwenye mguu pia hutokea: damu inakwenda kwenye ngozi iliyolegea huko juu, na vidole vyenye shida vinapata pungufu. Tena damu inayoongezeka inakwenda zaidi kwenye ngozi kuliko kwenye misuli. Kwa hiyo mtu ambaye shavu la mguu linambana kila akipanda kilima, akisimama linaachia, alibaki na maumivu yake yaleyale hata baada ya kukatwa neva.

Tusiwe wakali kupita kiasi kwa madaktari hao. Wapo waliopata nafuu ya kweli: maumivu ya usiku yalipungua, vidonda vidogo vya ngozi vikafunga. Hata leo, kwa mgonjwa ambaye mishipa yake haiwezi kurekebishwa, baadhi ya hospitali duniani huchoma sindano ya dawa kama fenoli kwenye vifundo hivyo ili kupunguza maumivu. Lakini kama njia ya kuokoa mguu, simpathektomi ilishindwa na kitu rahisi kukieleza: kushughulikia bomba lenyewe. Mwaka 1946 huko Lisbon, João Cid dos Santos alifungua mshipa na kuondoa uchafu uliouziba. Mwaka 1948 huko Paris, Jean Kunlin alichukua mshipa wa vena wa mgonjwa mwenyewe akautumia kama bomba la mchepuko kupita sehemu iliyoziba. Yaani mfalme alipolala mezani mwaka 1949, tiba iliyokuja kuchukua nafasi ya ile aliyofanyiwa ilikuwa imeshazaliwa. Na Kunlin alifanya kazi chini ya René Leriche, mmoja wa watetezi wakubwa wa kukata neva.

Ugonjwa unaokata neva bila kisu

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu hapa Tanzania leo.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaharibu neva, na inaanza na zile ndefu zaidi, zinazofika miguuni. Haziharibiki neva za kuhisi peke yake, hata zile za simpathetiki zinakufa. Matokeo yake ni kama mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa Royle pole pole, bila chale na bila yeye kujua. Mishipa ya ngozi inalegea, mguu unakuwa na joto. Jasho linakata, ngozi inakauka, magaga yanafunguka kwenye kisigino. Na kwa kuwa neva za kuhisi nazo zimekwenda, mtu hasikii maumivu.

Mtazame mtu huyu kwa macho ya kawaida. Mguu una joto, hauumi. Wa kwao nyumbani watasema damu inatembea vizuri. Lakini juu, kwenye mshipa mkubwa, bomba linaweza kuwa limeziba kabisa, maana kisukari kinaharibu hata mishipa hiyo. Joto lile halithibitishi kitu. Ni koki zilizobaki wazi tu.

Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari alikuwa miongoni mwa wale wasiofaidika sana na simpathektomi: neva ulizotaka kukata zimeshakufa.

Muhimbili na Dar es Salaam kwa ujumla kuna kazi kubwa imefanyika kuhusu miguu ya wagonjwa wa kisukari, na jina linalojulikana zaidi hapo ni la Dkt. Zulfiqarali Abbas. Yeye na wenzake walionyesha jinsi ganzi ilivyo mlango mkuu wa vidonda. Kati ya mambo waliyoandika yapo majeraha ya panya: wagonjwa waliong'atwa miguu usiku wakiwa wamelala, hawakuhisi, wakaamka asubuhi na kukuta kidonda. Fikiria ganzi ya namna hiyo, halafu iweke kwenye mazingira ya Rungwe. Jembe, kisiki, kokoto ndani ya buti la mvua, jiko la mkaa ambalo miguu imesogezwa karibu mno kwa sababu ya baridi. Mtu asiye na ganzi anaruka. Mwenye ganzi anaendelea kuota moto huku ngozi inaungua.

Usidhani pia kwamba kisukari ni cha mijini. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania, na walikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulitoa takwimu ya karibu asilimia 9. Tafiti hizi hazikupima watu wa aina moja, kwa hiyo usizilinganishe kama mizani ya dukani. Ila hata ukipunguza tofauti hiyo, mwelekeo unauona.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa mpango ulioitwa Step by Step, Tanzania na India, wa kufundisha daktari na muuguzi wake kwa pamoja, wawili wawili kutoka hospitali mbalimbali, namna ya kukagua na kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Hakuna mashine ya ajabu ndani yake. Ni macho, vidole, uzi wa nailoni wa kupima ganzi, usafi wa kidonda na viatu vinavyofaa. Mambo haya ya kawaida yanazuia miguu mingi kukatwa, mradi mgonjwa afike mapema.

Cha kufanya na mguu ulionao

Kwanza, usipime damu kwa joto. Pima kwa mapigo. Weka vidole vyako viwili juu ya mguu, kwenye mstari unaotoka kati ya kidole gumba na cha pili kuelekea kifundo. Kisha weka nyuma ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani. Sehemu hizi mbili zina mapigo kama ya mkononi. Watu wachache wenye afya hawana pigo la juu ya mguu, kwa hiyo angalia sehemu zote mbili na linganisha miguu yote. Ukikosa yote, nenda ukapimwe.

Pili, kama una kisukari, au mzazi wako anacho, miguu ikaguliwe kila siku: kati ya vidole, chini ya wayo, kisigino. Mtu asiyeweza kuinama atumie kioo au mjukuu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, si kwa mguu wenye ganzi. Na moto wa kuota ukae mbali.

Tatu, kidonda cha mguuni kwa mwenye kisukari hakisubiri siku ya soko. Hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi. Anza Makandana, Igogwe au kituo kilicho karibu nawe, na ukipewa rufaa ya kwenda Mbeya usiirudishe nyumbani kujadiliwa wiki mbili. Ni kama kilomita 70 za barabara ya lami, na kidonda kinachooza kinakwenda kwa kasi kuliko kikao cha ukoo.

Nne, tumbaku. Kuna ugonjwa ulioelezwa na Leo Buerger mwaka 1908, unaoziba mishipa ya miguu na mikono kwa vijana wavutaji. Kwenye ugonjwa huo, kuacha tumbaku kabisa kumeokoa vidole vingi kuliko kisu chochote, kikiwemo cha simpathektomi. Mkoa wetu wa Mbeya unalima tumbaku kule Chunya, tunajua thamani yake sokoni. Kwenye mshipa wa damu thamani yake ni hii.

Na mwisho, kama mzee wako analalamika kwamba shavu la mguu linambana akipanda kutoka mtoni, akipumzika linaachia, usimwambie ni uzee wala ni baridi ya Tukuyu. Mpeleke apimwe miguu, presha, sukari na moyo, siku hiyohiyo moja.